UZI: Kuuzoeza ubongo utulize khofu ya kiwewe kwa MRI na EEG – nini kinawezekana Unguja na Pemba

#1 Mwanga_wa_Fumba

Assalaam alaykum jamaa. Suali hili limerudi mara nyingi kwenye nyuzi nyingine na kila mara huishia juu juu: hivi mtu mwenye kiwewe anaweza kweli kuuona ubongo wake kwenye skrini na akajifunza kuutuliza? Anaweza, na hufanyika. Ila watu huishikilia ile picha ya rangi wakaiacha kazi yenyewe. Naanza na MRI (mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili), halafu wenzangu wa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo kutoka juu ya kichwa) waendeleze, maana EEG ndiyo inayoweza kupanda boti ikafika Wete.

Ndani ya ubongo, kila upande, kipo kijisehemu kiitwacho amigdala. Jina ni la Kigiriki, maana yake lozi, na umbo lake ndilo hilo. Kazi yake ni kupiga kengele ya hatari kabla mtu hajapata hata nafasi ya kufikiri. Kwa mwenye PTSD, yaani maradhi ya kiwewe yanayobaki baada ya tukio la kutisha, kengele hiyo hulia pasipo na hatari: honi ya boti, harufu ya dizeli, mlango uliobamizwa na upepo wa kusi. Gamba la mbele la ubongo, nyuma ya paji la uso, ndilo linalopaswa kuinyamazisha likishahakikisha kwamba hakuna kitu. Kwa wengi wenye PTSD gamba hilo hulegea wakati ule ule linapohitajika.

MRI haioni mawazo wala khofu. Inaona damu. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionesha kwamba damu yenye oksijeni na ile iliyokwishaitoa haziigusi sumaku kwa namna moja, na tofauti hiyo inaweza kupigwa picha. Sehemu ya ubongo ikichapa kazi, damu yenye oksijeni huimiminikia. Mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hupiga picha ya ubongo kila baada ya sekunde 2 hivi, imeukata vipande vya milimita 3, yaani vokseli. Amigdala moja hupata vokseli hamsini na kitu tu. Kompyuta huchukua wastani wa vokseli hizo, ikaulinganisha na wakati wa kupumzika, kisha ikapandisha au kushusha mchoro mfano wa kipimajoto kwenye skrini aliyo nayo mgonjwa ndani ya bomba.

Kwenye maabara ya mtafiti wa kiwewe Ruth Lanius huko London ya Kanada, kazi ilipangwa hivi. Kabla ya siku yenyewe mgonjwa na mtaalamu wake wanachagua maneno yanayohusu tukio lake, na mengine ya kawaida yasiyomgusa. Ndani ya mashine neno linakaa mbele ya macho sekunde 24. Neno moja linakuja na amri ya kutuliza: teremsha kipimajoto. Jengine linakuja na amri ya kutazama tu, hisia zije zinavyokuja. La tatu ni la kawaida. Mizunguko mitatu inafanyika kwa kipimajoto, wa nne bila ya kipimajoto. Matokeo yalichapishwa 2017, watu 10: waliweza kuiteremsha amigdala walipoambiwa watulize kuliko walipotazama tu, na gamba la mbele liliongeza kazi wakati huo huo. Na katika mzunguko wa nne, skrini ikiwa haina kipimajoto, bado waliweza.

Huo wa nne ndio nimefungulia uzi. Hakuna anayepita Darajani na kipimajoto mbele ya macho. Mafunzo yasiyofika kwenye mzunguko wa nne yamebaki kuwa mchezo wa kompyuta.

#2 Bint_wa_Mkele

Waalaykum salaam. Ahsante kwa kufungua. Suali langu: huyo mtu ndani ya bomba anaambiwa afanye nini hasa? Apumue? Asome dua? Au anaachiwa mwenyewe atafute?

#3 Mwanga_wa_Fumba

Dada, kwa kawaida hapewi njia moja ya lazima. Anaachiwa atafute, na kipimajoto kinamwambia kipi kinamfaa. Mmoja hulitazama neno kama limeandikwa mbali sana, kule upeo wa bahari. Mwengine hujisemea "hili limekwisha, mimi niko hapa". Mwengine hushuka kwenye mwili, akasikia miguu yake ilivyolala. Dua na dhikri pia ni njia, kwa sharti moja: aitumie ile ile muda wote wa neno, asiruke ruke.

Sharti hilo lina sababu. Damu inachelewa. Tangu seli zifanye kazi mpaka damu ifike kileleni zinapita sekunde 4 hadi 6, na kompyuta nayo inaongeza muda wake kidogo. Asiyeelezwa haya huona kipimajoto kimepanda, akabadilisha njia, kumbe anachokiona ni cha sekunde sita zilizopita. Akibadilisha mara nne ndani ya sekunde 24 hatojua abadani kipi kilichofanya kazi. Mwambieni kabla hajalala, tena mwambieni kwa mfano: ni kama bomba la maji ya moto lenye mpira mrefu. Ukigeuza koki, subiri kwanza kabla ya kugeuza tena.

#4 Fundi_Masafa

Nichangie upande wa mashine, kwa kuwa humo ndimo udanganyifu unamoingia bila ya mtu kukusudia.

Pumzi. Mtu akizuia pumzi, hewa chafu huongezeka kwenye damu, mishipa ya ubongo hutanuka, na ishara ya MRI hupanda ubongo mzima. Akipumua haraka haraka inashuka. Kwa hiyo mtu anaweza kuteremsha kipimajoto kwa kuhema tu, bila ya kugusa khofu hata kidogo. Dawa yake ni mkanda wa kupima pumzi kifuani, kipimo cha mapigo kidoleni, na kuondoa kwenye hesabu wastani wa sehemu nyengine isiyohusika.

Mahali amigdala ilipokaa ni mtihani mwengine. Iko karibu na matundu ya hewa ya fuvu, na pale hewa inapopakana na nyama sumaku hupinda, picha ikaliwa. Ukiangalia picha ghafi utaona kiza mahali pa lozi. Usipolirekebisha uga wa sumaku pale pale kabla ya kuanza, utakuwa unamzoeza mtu kwa kelele. Isitoshe upo mshipa mkubwa wa damu unaopita jirani yake, na sehemu ya kile kinachoitwa amigdala huwa ni mshipa huo.

Kichwa kikisogea kuzidi milimita 2, mzunguko huo hautegemewi. Sponji pande mbili za kichwa, na kipande cha tepu kwenye paji kilichonyooshwa hadi kwenye koili (kile kizimba kinachozunguka kichwa), ili mtu asikie ngozi inavutwa akianza kusogea. Kitu rahisi na kinasaidia mno.

Na msisahau nani asiyeingia kabisa: mwenye kifaa cha moyo kisichoruhusiwa kwenye MRI, mwenye kibano cha chuma kwenye mshipa wa ubongo, mwenye chembe ya chuma jichoni, mwenye kipande cha risasi au bomu mwilini kisichojulikana ni cha madini gani. Kwa watu wa kiwewe hilo la mwisho si jambo la nadra. Bomba lenyewe huwa na upana wa sentimita 60 au 70 na kelele yake inazidi desibeli 100. Aliyenusurika kwenye sehemu finyu na yenye kiza anaweza kushtuka papo hapo.

Kuhusu sisi visiwani. Sumaku ya MRI inapozwa kwa heliamu ya maji, na kompresa yake lazima izunguke usiku na mchana, hata kama hakuna mgonjwa. Umeme wetu unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari. Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mzima bila ya umeme 2008, na karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Waya zilizowekwa baadaye zimeboresha mambo, lakini anayepanga mafunzo ya MRI aanze kupanga jenereta kabla ya kipimajoto. Juu ya hapo utahitaji mtu wa fizikia anayejua kutoa picha kutoka mashine zikiwa mbichi, na programu ya kuzisoma papo hapo, mfano Turbo-BrainVoyager au OpenNFT ambayo ni ya bure. Kwa leo, nguvu ziende kwenye EEG.

#5 Nesi_wa_Wete

Nashukuru kaka Fundi. Napokea hapo.

EEG inasoma umeme wa ubongo kutoka juu ya ngozi ya kichwa. Haichelewi kama damu, lakini haioni ndani. Elektrodi moja kichwani haikufikii kwenye amigdala hata ufanye nini, na anayeuza kifaa kwa kusema kinasoma amigdala moja kwa moja anapotosha. Kuna kundi la watafiti la Talma Hendler huko Tel Aviv lililopata njia ya kuzunguka: waliwapima watu EEG wakiwa ndani ya MRI, wakatengeneza hesabu inayokisia hali ya amigdala kutokana na mawimbi ya juu. Kifaa kilichotokana na kazi hiyo kilipata ruhusa ya mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2023, kitumike pamoja na matibabu mengine na si badala yake.

Kwa sisi wenye vifaa vya kawaida njia zilizopimwa vizuri ni mbili.

Ya kwanza ni kupunguza alfa mahali paitwapo Pz, katikati ya kichwa kuelekea kisogoni. Alfa ni mawimbi ya Hz 8 hadi 12, yaani mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Kundi la Lanius lilianza na kikao kimoja cha dakika 30 kwa watu 21, likachapisha 2014, kisha 2020 wakaja na vikao 20, kimoja kila wiki, wakilinganisha na kundi lililopewa mrejesho wa uongo, yaani skrini isiyofuata mawimbi yao wenyewe. Watu hushangaa: alfa si ndiyo ya utulivu, mbona tunaipunguza? Kwa sababu baada ya kushushwa kwa juhudi, alfa hurudi juu ikipita ilipokuwa, na utulivu unakuja hapo. Ni kama kunyoosha mpira ukauachia.

Ya pili ni ile ya Bessel van der Kolk ya 2016: watu 52, vikao 24, viwili kwa wiki, elektrodi mahali paitwapo T4, juu ya sikio, na rejea (elektrodi ya kulinganishia) P4, nyuma yake, zote upande wa kulia. Walipata nafuu kubwa, lakini kundi la kulinganisha lilikuwa la watu wanaosubiri tu, kwa hiyo hatuwezi kugawa nafuu ile: kiasi gani cha mawimbi na kiasi gani cha kukaa na mtu anayekujali mara mbili kwa wiki.

Mimi nashauri Pz kwa anayeanza, na sababu ni ya vitendo. T4 imekaa juu ya msuli wa kutafunia. Akikaza taya kidogo, au akiwa na tambuu mdomoni, unasoma msuli. Pz haina msuli mkubwa chini yake.

Kupima mahali: chukua futikamba ya fundi cherehani. Anza kwenye kibonde cha juu ya pua, kati ya macho, pita katikati ya kichwa mpaka kwenye kinundu cha kisogoni. Tuseme umepata sentimita 36. Pz iko asilimia 70 kutoka mbele, yaani sentimita 25.2. Tia alama kwa penseli ya wanja. Rejea ibane kwenye ndewe ya sikio moja na ya ardhi kwenye ndewe ya pili, baada ya kuvua hereni. Hapa usikisie kwa macho. Ukikosea sentimita mbili leo na tatu wiki ijayo, mstari wa maendeleo unaouchora hauna maana.

Safisha alama kwa pamba yenye jeli ya chembe chembe, mizunguko mitano sita, ngozi ipate wekundu kidogo tu isichubuke. Jaza kikombe cha elektrodi pasti nzito, kibandike, juu yake kipande cha pamba, bonyeza uhesabu mpaka kumi. Ukinzani, yaani jinsi mgusano unavyouzuia umeme, uwe chini ya kilo-omu 5 kwa zote tatu, na zisitofautiane sana. Ikikataa, usiongeze pasti. Bandua, sugua tena.

#6 Bint_wa_Mkele

Na kwa wanawake waliosuka? Na ushungi?

#7 Nesi_wa_Wete

Mambo haya hayamo kwenye miongozo ya wenzetu wa nje, nayo ndiyo yanayoharibu vikao vingi.

Mafuta ya nazi kwanza. Yanaweka utando kati ya pasti na ngozi, ukinzani ukapanda mpaka 30, 40. Mwambie mapema, tena kwa adabu, aoshe nywele kwa shampuu jioni ya jana na asipake kitu mpaka kikao kipite. Akija amepaka, spiriti kwenye pamba inasaidia kidogo, lakini ni bora kupanga siku nyengine kuliko kurekodi uchafu.

Nywele zilizosukwa huwa rahisi ikiwa mstari wa ngozi unapita katikati au karibu na Pz. Mweleze msusi wake aache njia pale. Za kuunganisha zilizoshonewa juu zikafunika utosi wote haziwezekani, usilazimishe.

Ushungi: mtoa huduma awe mwanamke, mlango ufungwe, pazia literemke, na hilo aambiwe kwenye simu kabla ya kufika, asije akaligundua mlangoni. Elektrodi ikishashika, mtandio mwepesi unaweza kurudi juu yake bila ya kuvuta waya. Mtu aliyekaa na khofu kwamba mwanamme ataingia hawezi kuzoeza utulivu, na wewe utasoma khofu ya mlango ukidhani ni ya kiwewe.

Baada ya kikao pasti itolewe yote kwa maji ya uvuguvugu na kitana, kwa kuwa mtu atataka kutia udhu na maji yafike. Weka ndoo, kata na taula chumbani. Mwezi wa Ramadhani chagua saa moja ushikamane nayo, maana kukosa usingizi na kukosa kahawa kunabadilisha mawimbi. Kikao cha saa tisa alasiri na cha baada ya tarawehe havilinganishiki.

#8 Fundi_Masafa

Dada Nesi kamaliza upande wa ngozi. Naongeza upande wa waya.

Kabla ya kila kikao fanya majaribio matatu, dakika mbili tu. Mwambie apepese macho mara kumi: uone milima mikubwa ya polepole. Mwambie akaze meno: uone mstari umekuwa mnene kama brashi. Mwambie afumbe macho sekunde 20: alfa ya Pz ipande waziwazi. Jambo hilo la macho Hans Berger alilichapisha tangu 1929, na bado ndio mtihani bora wa kujua kama unasoma ubongo au unasoma ukuta. Kuna watu wachache ambao alfa yao ni ndogo kwa maumbile, hao waandike pembeni. Kwa waliobaki, alfa isipopanda macho yakifumbwa, usianze.

Umeme wetu ni Hz 50, na unaingia kwenye rekodi kupitia kila kitu: taa za mrija, feni, chaja. Tumia laptopu kwa betri, chaja ichomolewe kabisa, waya za elektrodi zisokotwe pamoja. Kichujio cha Hz 50 kiwepo, lakini kisifanywe kisingizio cha mgusano mbaya. Jasho nalo linaleta mawimbi marefu ya chini ya Hz 1. Chumba kiwe na ubaridi wa wastani na feni iwe mbali, isipeperushe waya. Kata mawimbi ya chini ya Hz 1 kwenye programu. Umeme ukikatika katikati ya kikao, giza na kimya cha ghafla kinaweza kumshtua mgonjwa, kwa hiyo taa ndogo ya betri iwe inawaka tangu mwanzo.

Kifaa si lazima kiwe cha gharama kubwa. OpenBCI Ganglion ina chaneli 4, zinatosha. Programu za bure zipo: BrainBay, OpenViBE.

Sasa kizingiti, yaani kiwango ambacho alfa ikishuka chini yake mtu hulipwa kwa ishara nzuri kwenye skrini. Hapo ndipo pahala wengi wanapoteleza. Rekodi dakika 3 za mwanzo, macho wazi, bila ya mrejesho. Weka kizingiti cha alfa ili apate malipo kwenye skrini kama asilimia 65 ya muda. Kisha KIACHE. Programu nyingi zina kizingiti kinachojirekebisha kila baada ya sekunde chache. Kikiwashwa hicho, mtu hupata malipo asilimia 65 hata alfa yake ikipanda, hata akisinzia, na hajifunzi kitu. Rekebisha kwa mkono kati ya mzunguko na mzunguko tu: akipata zaidi ya 80, kaza, akipata chini ya 50, legeza.

Na tahadhari moja kubwa kwa njia ya kupunguza alfa: mtu akianza kusinzia, alfa hupungua yenyewe. Programu itamlipa kwa kulala! Angalia theta, Hz 4 hadi 8. Alfa ikishuka huku theta ikipanda na macho yakizunguka polepole, simamisha, mpe maji, asimame kidogo.

#9 Mshauri_Chake

Assalaam alaykum. Nimesoma yote kwa makini na nafurahi mazungumzo yamefika kwenye kizingiti na pasti, ila nina neno juu ya nani anakaa kwenye kile kiti.

Si kila mwenye huzuni au usingizi mbaya ana PTSD. Dalili ziwe zimezidi mwezi mmoja na zinaharibu maisha. Fomu ya PCL-5, ya kupima dalili za PTSD, ina masuali 20, kila moja 0 hadi 4, jumla 80. Alama 31 hadi 33 kwenda juu zinaashiria afanyiwe tathmini kamili na mtaalamu, na kwa Unguja hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu ndipo pa kuanzia. Mwenye mawazo ya kujiua, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye kuona au kusikia yasiyokuwepo, huyo asianzishwe mafunzo haya. Kwanza atibiwe lililo kubwa.

Kuna kundi ambalo mashine inaweza kulikosea kabisa. Wapo wenye PTSD ambao wakiguswa hawapandi, wanazima. Macho yanabaki wazi lakini mwenyewe hayupo, mikono inakuwa baridi, ukimwita anachelewa kuitika. Tangu 2013 aina hii imo kwenye DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, kama tawi la PTSD. Kwao, Lanius na wenzake walionesha, gamba la mbele linakandamiza mno na amigdala iko chini tayari. Ukimpa mtu huyu kipimajoto umwambie teremsha, ataonekana mwanafunzi bora kuliko wote, nawe umemfundisha ganzi. Kwa hiyo muulize kila baada ya mzunguko: uko wapi sasa? leo siku gani? miguu unaisikia? Akijibu kwa kuchelewa, zima skrini. Akanyage sakafu, ashike kitu cha baridi, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani.

Ushahidi nao tuuseme kama ulivyo. Kwenye baadhi ya majaribio, waliopewa mrejesho wa uongo nao walipata nafuu, na wakati mwengine sawa na wenzao. Matibabu ya mazungumzo yanayolenga tukio lenyewe bado ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, na yanaweza kutolewa na watu wasio madaktari wakifunzwa na kusimamiwa. Moshi hapa hapa Tanzania walifunzwa washauri wa kawaida kwa ajili ya mayatima wenye kiwewe, matokeo yakachapishwa 2020. Mrejesho wa ubongo ukae pembeni ya hayo, hasa kwa yule anayeshindwa kulitaja tukio bila ya kupanda juu au kuzima.

Na familia ikisema ni shetani, usibishane nao mlangoni. Ruqya na EEG havigombani. La kuomba ni mawili tu: asipigwe wala kufungwa, na dawa alizoandikiwa zisisimamishwe.

#10 Kijana_wa_Nungwi

Vile vikanda vya kichwani vinavyouzwa mtandaoni, vya kutuliza akili, vinafaa?

#11 Fundi_Masafa

Kwa kujifunza kutulia, sawa. Kwa PTSD, hapana. Vingi vina elektrodi za paji la uso, na pale kila pepeso la jicho na kila kunja uso linaingia. Huoni mstari ghafi, huwezi kupima ukinzani, na kizingiti kinajirekebisha chenyewe. Tena mtu yuko peke yake chumbani, kumbukumbu ikimpanda hakuna wa kumshika mkono.

#12 Mshauri_Chake

Turudi kwenye mzunguko wa nne wa Mwanga, maana ndio roho ya jambo hili.

Tuchukue mfano wa honi ya boti. Watu wa visiwa hivi wanajua kwa nini. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata Julai ikafuata Skagit karibu na Chumbe. Wapo ambao mpaka leo hawawezi kusikia honi ya Malindi bila ya magoti kulegea.

Kikao kimoja kiwe dakika 3 za mwanzo bila ya mrejesho, mizunguko 5 ya dakika 3 kwa skrini na pumziko la dakika moja kati yake, kisha dakika 3 skrini ikiwa imezimwa huku kompyuta ikiendelea kurekodi. Anatumia njia ile ile iliyomfaa. Mwisho anaambiwa: unadhani ulishuka au ulipanda? Halafu ndipo mnaangalia pamoja. Kukisia kwake kukianza kuafikiana na rekodi, ameanza kuusikia mwili wake mwenyewe, na hilo ni kubwa kuliko alama yoyote.

Kuanzia kikao cha 8 au cha 10 hivi, kama anaweza dakika zile tatu, ingizeni honi iliyorekodiwa. Sauti ya chini mno, sekunde 5, mara moja. Ajue inakuja, ahesabiwe tatu, mbili, moja. Apime khofu yake 0 hadi 10. Ikizidi 7, mmeharakisha, rudini nyuma. Wiki inayofuata sekunde 10, kisha sauti ipande kidogo, kisha isitangazwe. Hatua hizi zifanywe na mshauri aliyefunzwa, si fundi wa EEG peke yake.

Halafu nje. Kwanza Forodhani saa ya mchana, honi ikisikika kwa mbali. Kisha karibu na gati, akiwa amesimama na mtu anayemwamini, bila ya tiketi na bila ya shinikizo la kusafiri. Kila hatua irudiwe mpaka khofu ishuke angalau nusu kabla hajaondoka mahali pale. Akiondoka ikiwa juu, ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa.

#13 Bint_wa_Mkele

Allah awalipe kheri nyote. La mwisho: vikao vingapi, na mtu atajuaje kwamba haimfai?

#14 Nesi_wa_Wete

Panga 20, kimoja au viwili kwa wiki. PCL-5 ijazwe mwanzo, kikao cha 5, cha 10, cha 15, cha 20, na tena baada ya miezi mitatu. Kushuka kwa alama 10 au zaidi ndiko kunakohesabiwa kuwa mabadiliko ya kweli. Alama nne tano zinaweza kuwa siku nzuri tu.

Vikao vya kwanza vinaweza kuleta uchovu, kichwa kuuma, au ndoto mbaya kuongezeka siku mbili tatu. Mwambie kabla, asije akashtuka. Ndoto zikizidi wiki, au akianza kuwa mkali nyumbani kuliko alivyokuwa, punguza mizunguko kutoka 5 hadi 3 na umrudishe kwa mshauri wiki hiyo hiyo.

Ikifika kikao cha 10 hajaweza kuteremsha alfa skrini ikiwa imezimwa hata mara moja, na PCL-5 haijasogea, simamisha. Kwanza kagua mgusano, kizingiti na saa ya kikao, kwa sababu mara nyingi kosa ni letu. Yakiwa sawa yote, mweleze wazi kwamba njia hii haikumshika, na umkabidhi mkononi kwa mshauri wa mazungumzo, kwa jina na kwa tarehe ya kuonana, asiondoke na karatasi tupu.